Ramani ya Nyuma ya Posta

Penseli ilifika posta ikagoma.

Mzee Zipu aliinua mkono, akaitazama ncha kana kwamba kosa lilikuwa la ncha, akaichonga kidogo kwa wembe na kuirudisha pale pale. Karatasi kubwa ya manila ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya chakula, imegandamizwa pembeni kwa kikombe, pasi iliyopoa na viatu vya mkewe. Mpaka hapo kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Barabara kuu ilikuwepo, soko lilikuwepo, na kila penye fundi cherehani aliweka alama: duara kwa mteja wa kudumu, pembetatu kwa anayenunua akijisikia, na msalaba kwa yule ambaye hajawahi kununua lakini akibembelezwa atanunua. Ndivyo alivyotaka meneja mpya. Kila muuzaji achore eneo lake, kisha wapange ni siku gani watembelee mtaa gani, waache kurandaranda. Posta nayo aliichora, hata na ngazi zake.

Nyuma ya posta hapakuwa na kitu.

Mjini kitu kilikuwepo. Kulikuwa na mtaa mzima, wenye mafundi chungu nzima, na yeye alikuwa amepita huko wiki iliyotangulia na mkoba wake wa nyuzi na vifungo. Kilichokosekana kilikosekana kichwani. Alifumba macho, akajiona anashuka zile ngazi, anaufuata ukuta wa posta, anafika mwisho wake, halafu basi. Ilikuwa kama kufungua mlango wa chumba chako mwenyewe ukakuta hata sakafu haipo.

Aliogopa. Tuseme bila kuzunguka: mwanamume mzima, mwenye mvi na wajukuu, anayesifika kwa kuwachekesha mafundi mpaka wanajichoma sindano, aliogopa hadi viganja vikaloa. Jina la Zipu walimpa wao. Kwanza kwa sababu aliwauzia zipu, na pili kwa sababu mdomo wake, walidai, ndiyo zipu pekee aliyotembea nayo isiyofunga.

"Baba watoto, viatu vyangu utavikalia mpaka lini?" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu. "Nataka kwenda kwa jirani."

"Subiri kidogo. Nikiviondoa karatasi inajikunja."

"Na jasho lote hilo la nini?"

"Joto."

"Joto gani? Mimi hapa nimevaa sweta."

Aliinamia karatasi na kujifanya anapima kitu kwa rula. Angeweza kumwambia. Lakini akimwambia, jambo lingekuwepo nyumbani humo, lingekaa nao mezani kila siku, na yeye alitaka libaki ndani ya penseli.

Marehemu baba yake alianza hivi hivi. Alianza kwa kutafuta miwani aliyoivaa, watu wakacheka, naye akacheka. Baadaye akawa anamwita Zipu kwa jina la kaka yake aliyefariki mdogo. Mwishowe walimkuta jikoni kwa watu wasiomjua, amekaa kwenye kigoda, mikono ameshanawa, akimwuliza mama mwenye nyumba kwa upole kama chakula kitachelewa. Zipu ndiye aliyekwenda kumchukua. Baba yake alimwangalia kama mgeni mwenye adabu anavyomwangalia dereva, akamshukuru kwa kumfuata.

Ni uso ule uliomjia sasa, hapo mezani, na alikuwa karibu kuichana karatasi, mtaa ulipokuja ghafla.

Ulikuja wote kwa mkupuo. Kichochoro chenye mteremko, seremala kwenye kona, ngazi mbili za mawe, mlango wa kijani, kisima chenye mfuniko wa bati. Mkono ulichora bila kusita. Hapa fundi wa makoti, duara. Hapa fundi wa mashati, duara. Hapa yule mama wa sare za shule, duara kubwa maana yule ni mteja na nusu. Alichora huku akipiga mluzi, na alipomaliza alimpelekea mkewe viatu mwenyewe, akavifuta vumbi kabisa.

"Una nini leo?" mkewe akauliza.

"Nina kazi nzuri," akasema, na aliamini.

Ofisini meneja aliitundika ramani ile ukutani, juu ya zote. Alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, mwenye sauti ya chini na haraka ya kutembea, na Zipu alimpenda kwa sababu aliwaamkia wazee kabla ya kuwatuma. Ramani za wenzake zilikuwa za kutia huruma. Moja ilionekana kuchorwa na kuku aliyekanyaga wino.

"Angalieni ya mzee," alisema meneja. "Kila fundi ana mahali pake. Nikiwa na hii najua niende wapi kwanza. Hawa wa msalaba, wapya, tuwaendee asubuhi na mapema, kabla wateja hawajaanza kumwandama fundi kwa nguo zao."

Walicheka, maana nani asiyemjua fundi na ahadi zake. Aliyekuwa hacheki ni Mrefu, muuzaji wa eneo la jirani, aliyekuwa ameinama pua karibu iguse karatasi.

"Mzee Zipu, hiki kisima kiko wapi?"

"Kiko kwenye eneo langu. La kwako linaishia stendi. Visima vyangu vinakuhusu nini, una kiu?"

Kicheko kikaanza upya. Zipu naye alicheka, lakini swali lilimkaa kooni. Kisima. Mji huu una mabomba tangu aanze kuufahamu.

"Jumatano nitatembea na wewe, mzee," meneja akasema. "Nataka kuona ramani hii ikifanya kazi."

Jumatano asubuhi mkewe alimsindikiza mpaka mlangoni, mwiko mkononi, akasimama hapo hadi alipokata kona. Zipu aligeuka akampungia. Alifikiri labda ameunguza kitu jikoni na hataki kurudi kukiona.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Sokoni alimtambulisha meneja kwa kila fundi, akasifia mishono, akatoa kadi yake ya sampuli iliyoshonewa vifungo vya kila aina. Kwa kijana mmoja wa msalaba waliuza lastiki kabla hata hajafungua cherehani. Miguu ilijua njia, mdomo ulijua maneno, na alianza kuwaza kwamba Jumapili ile ya kuchora ramani lilikuwa ni joto kweli.

Kisha wakafika posta.

"Sasa huku nyuma," meneja alisema. Alikuwa ameshika nakala ya ramani, akatangulia. "Tunafuata ukuta, halafu kwa seremala tunapinda kulia, tunateremka kichochoro."

Hapakuwa na seremala. Hapakuwa na mteremko pia. Ardhi ilikuwa sawa kama meza. Penye kichochoro palikuwa na ukuta mrefu wa shule, na nyuma yake sauti za watoto wakikariri. Meneja alisimama. Aliigeuza ramani juu chini, akaigeuza tena.

"Mzee, hapa tunapita wapi?"

Zipu alichungulia karatasi begani kwake. Aliona ngazi mbili za mawe. Aliona mlango wa kijani, na mara hii aliujua. Aliupaka rangi yeye mwenyewe akiwa mtoto, baba yake amemshikia kopo, katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Kisima kilikuwa cha huko. Seremala alikuwa wa huko, na bila shaka alishazikwa zamani. Alikuwa amewachukua wateja wake wote wa nyuma ya posta akawapanga katika mtaa wa utotoni mwake, duara baada ya duara, na mkono haukusita hata mara moja.

Masikio yalivuma hadi sauti za watoto zikapotea.

"Wamejenga," akasema.

"Wamejenga huu ukuta?"

"Eh."

"Lini?"

"Juzi juzi hapa. Unajua watu wa siku hizi."

Meneja aliutazama ukuta. Rangi yake ilikuwa imebabuka, chini umeota ukungu wa kijani, na kwenye ufa mmoja kulikuwa na mti mdogo uliokwisha kuwa na matawi. Kisha akaikunja ramani polepole, akaitia mkobani.

"Sawa, mzee," akasema.

Laiti angemkaripia. Zipu alijiandaa kwa karipio, alikuwa na utani wa kulijibu. Simu ya meneja ikaita, akasogea pembeni, akaongea maneno machache, akarudi. Mzigo umefika stoo na hakuna wa kuupokea.

"Utamalizia mtaa huu peke yako? Nikimaliza nitakusubiri kwenye ngazi za posta."

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na nafasi, hapakuwa na mtu mwingine, na binti wa watu alikuwa amesimama anamngojea aseme.

"Bila wasiwasi," akajibu. "Huku ni nyumbani."

Meneja aliondoka. Aligeuka mara moja kumwangalia, kisha akapinda.

Zipu alipiga moyo konde akaufuata ukuta wa shule, kwa kuwa ukuta lazima uishe mahali. Uliisha kwenye njia panda. Alichagua njia moja. Ilikuwa na nyumba za mabati, nguo kwenye kamba, redio ikiongea dirishani. Alisikiliza cherehani, maana hiyo ndiyo ilikuwa siri yake ya miaka yote: ukipotea mitaani, fuata mlio. Aliusikia mlio, akaufuata, ukawa jenereta. Akarudi. Njia aliyorudia haikuwa ile aliyojia.

Alipita duka lenye gauni la njano limetundikwa nje. Alitembea, akapinda, akatembea, akakutana na gauni la njano. Akajiambia mjini magauni ya njano ni mengi. Akaharakisha, mkoba ukimpiga pajani, vifungo vikilia ndani kama mchele kwenye debe, na mbele yake lile gauni likatokea tena, lenye doa lile lile la vumbi kwenye pindo.

Kuuliza njia hakuweza. Angemuuliza nani? Muuzaji anayeuliza njia katika eneo lake ni sawa na imamu anayeuliza msikiti uko wapi. Akaingia kichochoro cha pembeni, akakuta mlango uko wazi.

Ndani mwanamke alikuwa anakoroga sufuria, amempa mgongo. Moshi mtamu wa vitunguu ulitoka nje. Karibu na mlango palikuwa na kigoda kitupu. Miguu ya Zipu ilikuwa imechoka, na aliona wazi jinsi ingekuwa rahisi kukaa. Angekaa tu, apumzishe mgongo, na mama huyu akigeuka angemwuliza kwa upole kama bado kidogo. Mguu wake mmoja ulishavuka kizingiti alipouona.

Alirudi nyuma kwa kishindo, akajigonga ukutani, akatoka kichochoroni karibu akikimbia.

"We Zipu!"

Sauti ilitoka dukani, chini ya gauni la njano. Mwanamke mnene mwenye futi shingoni na pini zimechomekwa kifuani alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umepita hapa mara ngapi leo? Unanivizia? Mimi mjane, nitasemwa vibaya."

Ni yule mama wa sare za shule. Zipu alimjua mara moja, jina, sauti, mapengo na yote, na furaha ya kumjua ilimchoma kama maumivu. Aliingia. Alitaka kuanza utani wake wa kawaida.

"Nilikuwa nakagua mtaa, dada fundi. Siku hizi tuna mambo ya ramani, tunapanga..."

"Kaa."

Alikaa. Fundi alimletea maji, akamwangalia anavyokunywa, akakiona kikombe kinavyogonga meno. Kisha akainua mkono kuelekea rafu iliyokuwa juu ya cherehani yake. Kulikuwa na maboksi ya uzi mweupe, yamepangana mpaka darini.

"Unayaona yale? Uliniletea Jumatatu. Ukaniletea tena kesho yake, kwa utani ule ule, ukacheka pale pale. Wiki iliyofuata vile vile. Uzi mweupe nitashonea mpaka wajukuu wa hawa wanafunzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Zipu?"

Alikitua kikombe. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtaa."

"Wote?"

"Fundi viatu hajui. Lakini yule hajui hata mkewe alikohamia." Hakucheka, wala Zipu hakucheka. Fundi akavuta stuli, akakaa karibu. "Hujawahi kushangaa kwa nini kila ukitoka dukani mwenyewe anatoka mlangoni? Ukitoka hapa nakuangalia. Ukipinda kulia, sawa, unakwenda kwa wa mashati. Ukipinda kushoto nakuita, nakwambia umesahau kunipa bei ya lastiki. Unarudi, unanitajia, unatoka tena, unapinda kulia. Wa mashati anakupeleka kwa wa makoti. Leo umetokea njia isiyo yako, hatukukuona ukiingia."

Alikumbuka. Nyuso milangoni, mikono iliyopunga, fundi wa makoti anayeacha pasi ya moto akatoka nje bila sababu. Miezi yote hiyo alidhani wanamsindikiza kwa ajili ya vichekesho vyake. Aliondoka kila mara kichwa kimemvimba.

Kisha akamkumbuka mkewe na mwiko. Siku hizi alisimama mlangoni kila asubuhi.

"Naogopa, dada," akasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyeambiwa azime taa. "Baba yangu aliishia jikoni kwa watu. Naogopa sana."

Fundi hakumwambia asiogope. "Hata mimi ningeogopa," akasema, akamshika kiganja, akakiona kimeloa, akakifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa koti. Alikuwa meneja.

"Mzee, niko kwenye ngazi. Uko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari. Alikuwa nao mzima mdomoni: nakuja, nipe muda kidogo, nimalizane na mteja. Aliangalia nje. Barabara ilikuwa na mwanga mwingi, watu wanapita pande zote mbili, na kila upande ulionekana kuwa sahihi.

"Sijui, meneja," akasema.

Upande wa pili honi ilisikika kwa mbali.

"Niko kwa mteja wa duara. Yule duara kubwa. Lakini njia ya kuja hapo siijui. Na ukuta ule haujajengwa juzi."

"Najua, mzee," alisema meneja. Kisha akaongeza, "Mpe simu huyo fundi."

Fundi aliongea akiwa amempa mgongo. Ndiyo. Ndiyo. Jirani na duka la mashati. Hapana, hatatoka. Kisha akamrudishia simu.

"Amesemaje?"

"Anakuja."

"Na kazi? Amesema nini kuhusu kazi?"

"Zipu, amesema anakuja. Vua koti."

"La nini?"

"Vua."

Alivua. Bila koti alijihisi mwepesi na mzee. Fundi aliligeuza ndani nje, akalitandaza kwenye meza ya kukatia, akapapasa bitana ya kijivu kwa upande wa moyo. Ndiye aliyedarizi majina kwenye sweta za shule nzima, ili watoto wasipotezeane. Akakata kipande cheupe cha kitambaa.

"Nitajie namba ya mkeo."

"Yeye hajui, dada."

"Hajui? Mimi nakuona mara moja moja na najua. Yeye anaishi na wewe."

Zipu aliitaja namba polepole, tarakimu moja moja, akiogopa kila moja isije ikawa ya mwisho kukumbukwa. Ilitoka yote. Fundi aliiandika kwa chaki, akamsomea, Zipu akaitikia.

"Sasa nipe uzi."

Aliufungua mkoba. Vidole vyake viliingia kwenye mfuko wa pembeni bila macho kuvisaidia, vikatoa rola ya kijivu iliyofanana na bitana kabisa, rangi kwa rangi. Katika hilo hakuwahi kukosea, na hakukosea sasa.

"Huu unashika vizuri," akasema. "Na hautaonekana."

"Ndiyo maana siutaki." Fundi aliacha kiganja wazi juu ya mkoba. "Nipe mwekundu."

Alimtazama. Kisha akaurudisha ule wa kijivu mahali pake, akatafuta kidogo, akampa mwekundu. Fundi aliuvuta, akaukata kwa meno, akautunga kwenye sindano kwa mara ya kwanza tu bila miwani. Cherehani ikaanza kulia.

Zipu alikaa kwenye stuli na shati lake, mkoba miguuni, akiangalia tarakimu zinavyotokea moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya barabara, kulia kidogo, fundi wa mashati alikuwa ameshatoka mlangoni kwake. Alikuwa ameweka mkono juu ya macho kujikinga na jua, akingoja aone atapinda wapi.